Ukitaka kuitafuta Rhapta, anza na shimo la mita moja

Kijana wa Bagamoyo au Tanga akisema anataka kusomea akiolojia, usishangae akitaja Rhapta kabla hamjamaliza kusalimiana. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unautaja mji huo kuwa soko la mwisho la pwani ya Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki: pembe za ndovu kwa wingi, pembe za faru, magamba ya kasa. Jina lenyewe linatokana na mashua za kushonwa, jamaa wa mtepe wetu. Ulipokuwa mji huo, hakuna aliyepathibitisha kwa ushahidi unaokubaliwa na wote. Kuutamani si kosa. Kosa ni kuchimba ukiwa umeshaamua utakachokikuta.

Tuanze na kuta za Kaole, magofu ya karibu na Bagamoyo, kwa sababu ndiko wengi wanakokimbilia. Misikiti yake miwili na makaburi ni ya karne ya 13 hadi ya 16, na magofu ya Tongoni, karibu na Tanga, hayatangulii hapo. Rhapta ilikuwa ikiuza pembe zaidi ya miaka 1,000 nyuma. Ujenzi wa matumbawe na chokaa ulienea pwani kuanzia karne ya 11 hivi. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya 1107. Kwa hiyo mji wa karne ya 1 utegemee kuwa wa miti na udongo, na nyumba ya udongo ikifa huacha madoa tu: duara jeusi la sentimita 10 au 15 pale nguzo ilipoozea, sakafu iliyogandamana kwa kukanyagwa, bonge la udongo lenye alama ya fito. Aliyezoea kusaka ukuta atayapiga jembe madoa hayo na kuyatupa na kifusi.

Vigae, yaani vipande vya vyungu, vijue kwa mkono kabla ya kuvijua kwa kitabu. Vyungu vya mtindo wa Kwale ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo. Vile vilivyochorwa pembetatu kwenye shingo ni vya karne ya 6 hadi ya 10 hivi. Kigae cha China cha bluu na nyeupe, cha zama za baadaye sana, kikitoka pamoja na vyungu vya Kwale, usishangilie. Tabaka limevurugwa, na pwani mvurugaji mkubwa ni kaa, akifuatiwa na mizizi ya mnazi. Shimo la kaa hujaa udongo uliolegea, mweusi kuliko wa pembeni. Lichimbe peke yake, na vitakavyotoka humo viwe na mfuko wao.

Heinrich Schliemann ndiye somo letu la hasara. Alianza kuchimba kilima cha Hisarlik, Uturuki, mwaka 1870, akiutafuta Troya, mji wa vita alivyovisimulia Homeri, mshairi wa Kigiriki. Aliamini uko chini kabisa, akapasua mfereji mkubwa katikati ya kilima. Dhahabu aliyoipata 1873 aliiita hazina ya Priamo, mfalme wa Troya, kumbe ilitoka tabaka lililotangulia vita hivyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Alikuwa ameshapita katikati ya alichokitafuta.

Shimo la majaribio la mita 1 kwa 1 linatosha kukuambia kama pana kitu. Likijibu, fungua la 2 kwa 2. Pima kona kwa kona: mita 2.83 pande zote mbili, na zikipishana zaidi ya sentimita 1 ng'oa vigingi uanze upya. Kina kipimwe kutoka kigingi kimoja cha rejea kilichojengewa saruji nje ya shimo, kwa kamba na pima maji. Ukipima kutoka usoni mwa ardhi inayoteremka kuelekea mikoko, vipimo vyote vitakudanganya.

Shuka sentimita 10 kwa 10. Udongo ukibadilika rangi au ugumu kabla ya hapo, simama na ufungue mfuko mpya. Shimo la 2 kwa 2 likishuka sentimita 10 hutoa lita 400, na udongo ukilegea ni zaidi ya ndoo 40 za lita 10. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuita vibarua, maana kinachokwamisha kazi ni chekeche, si mwiko. Udongo wote upite wavu wa milimita 5. Katika kila tabaka ndoo moja ipite wavu wa milimita 2, la sivyo shanga ndogo na mifupa ya dagaa utaiacha kwenye lundo. Lundo lenyewe likae mita 1 kutoka ukingoni. Mchanga wa pwani ukifika kina cha mita 1.2 kata ngazi pembeni, kwani hauporomoki kwa taarifa.

Lebo ziwe mbili, ya ndani na ya nje, kwa penseli. Wino hufutika kwa unyevu. Chuma kisioshwe. Mkaa wa kupima umri ukaushe, uufunge kwa karatasi ya alumini, na usipeleke boriti ya mkoko kama una kifuu cha nazi: mti huenda ulikuwa mzee ulipokatwa. Kombe la bahari husomeka kongwe kuliko umri wake kwa karne kadhaa.

Leseni ni lazima chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Lakini leseni haikufungulii kijiji. Mwone mwenyekiti, kisha wazee na sheikh, uwaambie wazi utachimba wapi na wapi hutagusa. Watu bado wanaomba dua kwenye makaburi ya Kaole. Ukikutana na mifupa ya mtu, mwiko chini, funika, kaite wazee na afisa wa mambo ya kale.

Na mshahara? Mkate wa kila siku mara nyingi hutoka kwenye tathmini za mambo ya kale kabla ya ujenzi wa barabara, bandari na mabomba, si kwenye miji ya hadithi. Ukimaliza, tandika plastiki chini ya shimo, weka sarafu ya mwaka huo, ndipo ufukie. Atakayechimba tena baada ya miaka 50 atajua uliishia wapi.