Jibu: Mama amenenepa baada ya kemo, ndugu wanasema ndiyo kupona

Mwanangu, umeuliza kama mama yako, aliyemaliza kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) ya saratani ya titi miezi minne iliyopita na sasa magauni hayamtoshi, aendelee kupikiwa supu ya mafuta "arudishe mwili" kama mashangazi wanavyotaka. Nimepita humo humo nikiwa na miaka 57, hapa Kirumba, Mwanza.

Mimi niliongezeka kilo tisa. Kila aliyekuja kuniona alimshukuru Mungu: "Umenawiri!" Siwalaumu, maana kwetu mgonjwa akikonda watu huanza kunong'ona. Na mimi nilifurahi, mpaka nilipoanza kuamka mara nne usiku kwenda chooni na kiu haikatiki. Sukari kabla ya kula ikasoma 8.9, yaani iko juu. Zahanati niliyokuwa nahudhuria walinipima uzito na presha tu, na kilo zilipopanda wakaandika "anaendelea vizuri". Hilo liliniuma sana.

Daktari wa saratani ndiye aliyenifafanulia. Siku za kemo unapewa deksamethasoni kuzuia kutapika, nayo hupandisha sukari na hamu ya kula. Juu yake unashinda umelala. Misuli inapungua, mafuta yanashika nafasi yake, kwa hiyo hata ambaye mizani haijasogea anaweza kuwa ameshabadilika ndani. Ndiyo maana natumia futi ya fundi cherehani. Kiuno cha mwanamke kikipita sentimita 80 ni cha kuangaliwa. Kikipita 88, hatari ya kisukari na moyo imepanda sana.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mafuta ya mwili yana kazi yanayofanya. Mwanamke akishakoma hedhi, estrojeni yake nyingi, ile homoni ya kike, hutengenezwa humo kwenye mafuta, na kimeng'enya kiitwacho aromatesi. Saratani nyingi za titi hulishwa na estrojeni hiyo. Anastrozoli ninayomeza kila siku inakizima hicho kimeng'enya. Halafu mafuta ya tumboni humwaga asidi za mafuta kwenye damu, zinafika kwenye ini, insulini, homoni inayoshusha sukari, inashindwa kufanya kazi yake sawasawa, kongosho linazidi kuimwaga, na insulini nyingi nayo huchochea seli kukua.

Kwa hiyo mwombee vipimo vya sukari, kolesteroli na trigliseraidi (aina ya mafuta kwenye damu). Kama anameza tamoksifeni, dawa nyingine ya kuzuia estrojeni isilishe saratani, usiache hicho cha trigliseraidi, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuzipandisha na kuweka mafuta kwenye ini. Nakuomba sana, asiache dawa kwa kusoma hapa! Daktari ndiye apime na aamue. Wala asijinyime chakula.

Jikoni nilibadilisha machache. Supu naiacha ipoe, utando wa juu nautoa kwa kijiko. Mawese nimepunguza, maana karibu nusu yake ni yale mafuta yanayopandisha kolesteroli. Natumia alizeti, kidogo. Soda za wageni nawapa wajukuu wa jirani. Ugali ni kipande, mboga ndiyo inajaza sahani. Na dagaa! Dagaa wetu wa ziwa wana protini ya kujenga misuli, wana omega-3 (mafuta mazuri ya samaki), na kwa kuwa unawala na mifupa yao unapata kalisi, ambayo mimi naihitaji kwa sababu anastrozoli hudhoofisha mifupa. Nawaosha mchanga, nawachemsha na nyanya na kitunguu, siwakaangi. Ila mtu asikuuzie vidonge vya mafuta ya samaki akisema vinaponya saratani. Haviponyi.

Hao dagaa nawafuata soko la samaki la Mwaloni kwa miguu, asubuhi kabla ya jua kali. Mwanzo nilikuwa napumzika njiani mara tatu. Sasa naenda na kurudi bila kukaa, na kiuno kimetoka 97 hadi 90.

Mashangazi usigombane nao. Mmoja mpe kazi ya kumsindikiza mama kutembea jioni, mwingine anunue mchicha na samaki badala ya soda. Kesho mpime kiuno kabla hajala, usawa wa juu kidogo ya kitovu, uniandikie hapa pamoja na jina la dawa anayomeza.