Mnaojenga meko ya uani, nisikilizeni kabla hamjachanganya saruji

Wiki iliyopita nilipita saiti moja hapa Kabale, Uganda, nikamkuta kijana anamjengea mwenye nyumba meko ya uani ya kuotea moto na wageni. Mkono anao: ukuta umesimama na timazi, kozi, yaani mistari ya matofali, zimelingana, viungo kati ya matofali visafi. Lakini tumbo la meko, pale moto unapowaka, alikuwa analijenga kwa saruji ya kawaida, hatua nne tu kutoka banda la nyasi, na pembeni kuna rundo la mawe ya mtoni ya kupambia. Nilipomuuliza akanijibu, "Mzee, saruji ni saruji." Huyo ni wa tatu mwaka huu. Usiku ule sikulala vizuri, maana maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, mbele ya fundi aliyenizidi umri na maarifa.

1. Anza na mahali. Kabla ya kupiga kamba, nenda uani saa moja jioni, usiende mchana. Huku milimani hewa ya baridi hushuka bondeni jua likizama, na upepo wa jioni ndio utakaopeleka moshi kwa mwenye nyumba au kwa jirani. Kuhusu paa la nyasi sina mjadala. Cheche moja inatosha. Mliokuwepo mwaka 2010 mnakumbuka makaburi ya wafalme wa Buganda kule Kasubi, Kampala, nyumba ile kubwa ya nyasi ilivyoteketea usiku mmoja wa mwezi Machi. Mteja aking'ang'ania meko karibu na banda lake, mwambie ahamishe kimojawapo, na akikataa, mwachie kazi yake.

2. Kibali. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, na kila wilaya na mji una kamati ya majengo. Chora mchoro wenye vipimo, mpeleke mwenye nyumba akaulize mapema. Msimwambie kwamba "ni jiko tu la nje".

3. Msingi wa meko ujitegemee, usiungwe na ukuta wa nyumba. Zege lisipungue sentimita 30 kwa unene, na litokeze sentimita 15 kila upande. Dohani, yaani bomba la moshi, ikiwa ya matofali ni tani kadhaa zimesimama mahali padogo, na udongo wetu wa mteremko mnaujua.

4. Mdomo na dohani. Hapa ndipo wengi mnakisia kwa macho. Hesabu ni hii: chukua eneo la mdomo, gawanya kwa 10, hilo ndilo tundu la dohani ya pembe nne. Mdomo wa sentimita 90 kwa 75 ni sentimita za mraba 6,750. Ukigawanya unapata 675, yaani tundu la sentimita 26 kwa 26. Tundu la duara gawanya kwa 12. Nimeona meko yenye mdomo mpana kama mlango wa stoo, juu limewekwa bomba la inchi sita, halafu fundi anaulaumu upepo. Moshi haukosi adabu, umekosa njia tu. Tena Kabale tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na nguvu ya dohani kuvuta moshi hupungua, kwa hiyo ongezeni urefu. Dohani ikipita kwenye paa, au ikiwa karibu na paa, fuateni kipimo cha Wamarekani ambacho mimi nimekizoea: izidi sentimita 90 pale inapotokezea, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Mbao zikae mbali na dohani, angalau sentimita 5, na nafasi hiyo msiijaze takataka za saiti.

5. Mawe na saruji. Hili nitalieleza lote.

Mwaka 2009 nilijenga meko kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu, mlimani juu ya Ziwa Bunyonyi. Binti yake alikuwa anaagwa, sherehe ni Jumamosi. Mama mwenye nyumba aliyapenda mawe ya kijito kilichopita chini ya shamba, meusi, laini, yanang'aa yakilowa. Nikayatoa majini asubuhi, mchana nikayajenga ndani ya tumbo la meko kwa saruji ya kawaida. Nilimaliza Jumatano. Fundi mzee aliyenifundisha alikuwa ameshaniambia zamani kwamba jiwe la mtoni haliwekwi motoni. Nilikumbuka. Nikajiambia kwamba moto wenyewe utayakausha.

Jumamosi usiku wazee walikaa mbele ya meko, mablanketi mabegani, nami nimesimama nyuma nikisubiri kusifiwa. Moto ulipokolea, nikaona jiwe moja la upande wa kushoto linatoa jasho. Tone dogo lilitoka kwenye ufa mwembamba kama unywele, likachemka, likakauka, likatoka lingine. Kisha nikasikia mluzi. Nilijua ni kitu gani. Sikusema neno, kwa kuwa wageni walikuwa wengi na niliona aibu kuwainua wazee.

Jiwe lilipasuka kwa mlio wa bunduki. Watu walilala chini, akina mama wakawakumbatia watoto. Kipande kisichozidi punje ya maharage kilimpiga saidia fundi wangu, kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa ameinama kuongeza kuni. Kilimchana chini ya jicho. Alishonwa nyuzi tano, jicho likapona, kovu analo mpaka leo.

Kinachoniuma zaidi ni asubuhi yake. Baba yake alikuja kuniuliza imekuwaje. Nikamwambia, "Ni ajali, mzee, jiwe lilikuwa bovu." Akanishukuru kwa kulipa hospitali. Ilinichukua karibu mwaka mzima kurudi kwake na kumwambia kwamba nilijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akaniletea kiti. Sijawahi kukalia kiti kizito kama kile.

Sasa shikeni sababu. Maji yaliyonaswa ndani ya jiwe yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Yasipopata njia, hupasua. Saruji ya kawaida nayo hushikana kwa maji yaliyofungwa ndani yake. Joto likifika nyuzi za Selsiasi 400 na kitu, maji hayo hutoka, kisha mvua ikirudisha unyevu kiungo kinavimba na kumomonyoka. Tumbo la meko ni matofali ya kuhimili moto, udaka wa kuhimili moto, kiungo kisichozidi milimita 6. Mawe ya kupamba yakae nje, mbali na miali.

6. Moto wa kwanza: subirini siku 28, halafu vijiti vya kiganja kimoja, kesho viwili, mpaka wiki iishe. Mikaratusi mibichi msichome, inaacha lami ndani ya dohani. Masizi yakifika milimita 3, safisheni. Majivu yawekwe kwenye debe la bati lenye kifuniko, si kwenye gunia.

Yule kijana nilirudi kwake Jumamosi. Nilimweleza habari ya saidia fundi wangu, akanyamaza, akaenda kuchukua nyundo mwenyewe. Tulibomoa kozi saba pamoja, tukakwangua matofali, tukayapanga upya upande wa pili wa ua, mbali na banda. Mwenye nyumba alinung'unika kuhusu mifuko miwili ya saruji. Nikamlipa mmoja, kijana akakatwa wa pili. Mawe ya mtoni tumeyapanga kandokando ya njia ya kuingilia, na mama mwenye nyumba ameyapenda hapo.