Swali la Lugha: Mioyo "saidizi" ya wadudu

SWALI: Nafundisha baiolojia sekondari. Kwenye notisi niliandika: "Wadudu wengi wana mioyo saidizi inayosukuma damu kwenye papasi na mabawa." Mwalimu wa Kiswahili anasema ni "mioyo misaidizi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa kanuni, ni yeye. Tunasema kitenzi kisaidizi, vitenzi visaidizi. Basi mioyo ni misaidizi. Tatizo ni umoja wake: "moyo msaidizi" sikio linaukataa, maana msaidizi tumemzoea ni mtu. Ningekushauri, Mwalimu, uandike pampu saidizi. Pampu iko ngeli ya I-ZI, haidai kiambishi. Na usijaribu kuiita "pampu ya ziada": mechi huisha vizuri tu bila muda wa ziada, lakini kipapasio (ndiyo papasi yako, kile kiungo chembamba cha kugusia kichwani) bila pampu hakipati damu ya kutosha.

Tena pampu inafaa hata kisayansi. Chukua mende. Moyo wake ni bomba refu la mgongoni linalopeleka damu kichwani na kuimwaga humo. Ikishamwagika haina tena nguvu ya kufika ncha ya kipapasio, kirefu kama mwili wake au zaidi. Ndipo kwenye shina la kila kipapasio pana kifuko, na msuli unaoviunganisha vifuko viwili. Msuli ukijikaza, vifuko vinatanuka na kujaa. Ukilegea, vinanywea vyenyewe na damu inapanda. Moyo wa binadamu hufanya kinyume: msuli ukijikaza ndipo damu inatoka.

"Inayosukuma" nayo ni nusu ya ukweli. Pampu za mabawa zimekaa kifuani na kazi yake ni kufyonza: zinavuta damu itoke kwenye bawa, na nyingine inaingia kujaza nafasi. Bawa lisilopitiwa na damu hukauka, likawa rahisi kuvunjika.

Papasi? Kamusi zinalikubali, ila papasi ni pia yule kupe wa nyumba za udongo anayeambukiza homa. Mwanafunzi akisoma "damu kwenye papasi" ataelewa mengine kabisa! Kipapasio ni salama.

Damu iache ilivyo. Himolimfu, jina la kisayansi la damu ya wadudu, itaje mara moja, ukieleza kuwa kwa wadudu wengi haina kazi ya kusafirisha oksijeni. Hewa ina mirija yake.

Sentensi yako basi iwe: "Wadudu wengi wana pampu saidizi zinazosukuma damu kwenye vipapasio, na nyingine zinazoifyonza kutoka mabawani."