Maswali na majibu: Sasisho linagoma, au kompyuta ina kirusi?

Swali: Sasisho la Windows linapakuliwa hadi mwisho, kompyuta inajizima na kuwaka, kisha inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Namba ya kosa ni 0x80073712. Fundi anasema ni kirusi, nipige Windows upya.

Jibu: Usipige Windows bado. Namba hiyo haizungumzii kirusi. Inasema ghala ambamo Windows huhifadhi vipande vyake, yaani folda ya WinSxS, lina faili zilizoharibika au zisizokuwepo. Mara nyingi umeme ulikatika katikati ya sasisho lililotangulia, au diski imeanza kuchoka. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya kulia, chagua "Run as administrator", kisha:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`

Ikimaliza, ndipo ufuatishe:

`sfc /scannow`

Usigeuze mpangilio. Amri ya sfc hurekebisha faili za mfumo kwa kuchukua nakala nzima kutoka ghalani. Ghala likiwa bovu haina pa kuchukulia. Wengi huanza na sfc, wakaambiwa baadhi ya faili zimeshindikana, wakakata tamaa hapo hapo. DISM nayo hupenda kusimama muda mrefu kwenye asilimia 62.3. Iache, usifunge dirisha. Inavuta faili kutoka Microsoft, kwa hiyo bando liwepo.

Ikijibu 0x800f081f, imekosa mahali pa kupata faili hizo. Pakua faili ya ISO ya Windows ya toleo lilelile ulilonalo, ibofye mara mbili ifunguke kama diski (tuseme D:), kisha:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:D:\sources\install.wim:1 /LimitAccess`

Namba 1 pale mwishoni hutaja aina ya Windows, kama Home au Pro. Ili kujua yako ni namba ngapi, tumia `DISM /Get-WimInfo /WimFile:D:\sources\install.wim`. Ukikuta faili inaitwa install.esd, andika esd badala ya wim kwenye `/Source:wim:` na kwenye install.wim, lakini `/Get-WimInfo` na `/WimFile` viache kama vilivyo.

Kosa likirudi tena baada ya kupona, acha kulaumu Windows. Nakili kazi zako kwanza mahali pengine, halafu pima diski kwa `chkdsk C: /scan` na RAM kwa `mdsched.exe`.

Swali: Kompyuta yangu ya mezani ni ya mtumba. Kila nikiiwasha saa imerudi nyuma miaka kadhaa, sasisho linakataa kwa 0x80072F8F, na hata tovuti ya benki haifunguki. Nimedukuliwa?

Jibu: Betri ya saa imekwisha. Mawasiliano salama ya intaneti hutegemea vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa ikisoma mwaka usio wake, kila cheti kinaonekana batili na Windows inagoma kuzungumza na seva. Zima, chomoa waya ukutani, fungua kasha, toa betri bapa ya CR2032 kwenye ubao mama, weka mpya ya volti 3 upande wa + ukitazama juu. Ukiwasha, pitia BIOS kwanza, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguka kabla ya Windows: mipangilio inaweza kuwa imerudi ya kiwandani, na ule wa diski ukibadilika Windows haitawaka.

Swali: 0x80070070 ni nini?

Jibu: Diski imejaa. Nenda Settings, System, Storage, Temporary files, ufute, lakini hakikisha hakuna alama kwenye "Downloads", maana orodha hiyo huiweka pamoja na takataka. Amri ya `powercfg /h off` nayo huachia gigabaiti kadhaa.

Swali: Niliweka programu ya kuamsha Windows bila leseni. Sasa sasisho haliwaki kabisa, na Windows Security inasema mipangilio inasimamiwa na msimamizi. Nimeskani, hakuna kilichopatikana.

Jibu: Hapa ndipo kirusi kinapaswa kushukiwa. Programu za namna hiyo hukuambia uzime ulinzi kwanza, kisha zenyewe hujiongeza kwenye orodha ya vitu visivyoskaniwa. Ndiyo maana skani inatoka safi. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika `Get-MpPreference`, utazame mstari wa ExclusionPath. Ukiona C:\ nzima imeorodheshwa, na hukuiweka wewe, jibu umelipata. Iondoe:

`Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\"`

Kisha endesha Microsoft Defender Offline kutoka "Scan options". Kompyuta itajiwasha upya na kuskani kabla Windows haijaamka, kwa takriban dakika 15, wakati kirusi hakijapata nafasi ya kujificha. Ikiwa safi, rudisha huduma ya sasisho kwa cmd, na acha nafasi baada ya alama ya usawa:

`sc config wuauserv start= demand`

Nywila badilisha kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, wala si hii, na utoke (sign out) kwenye akaunti zako katika vifaa vyote. Wezi wa siku hizi huiba vidakuzi (cookies) vya kivinjari, vinavyokumbuka kwamba umeshaingia, kwa hiyo huingia hata bila nywila. Amri au mipangilio ikikukatalia, basi hapo ni kweli: piga Windows upya, kwa flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine.

Swali: Pembeni mwa skrini linakuja tangazo kwamba nina virusi vitano, nilipie antivirusi.

Jibu: Ni tovuti uliyoiruhusu kutuma arifa. Kwenye Chrome fungua `chrome://settings/content/notifications`, ufute usizozijua. Usilipe.

Swali: Flashi niliyotoka nayo stesheneri inaonyesha njia za mkato (shortcut) tu, lakini nafasi imetumika.

Jibu: Faili zipo, zimefichwa. Usibofye njia ya mkato hata moja: huendesha kirusi kwanza, kisha hukufungulia folda yako usishtuke. Skani kompyuta yote kabla ya kugusa flashi, la sivyo itaambukizwa tena papo hapo. Halafu, ikiwa flashi ni F:

`attrib -h -r -s /s /d F:\*.*`

Faili zikionekana, futa zenye kiambishi .lnk na .vbs zilizobaki.