Lugard hakuwa gavana wa Uganda

Wapo wanaodhani Frederick Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwahi kuwa gavana wa Uganda. Hapana, hakuwahi. Alifika Mengo, mji mkuu wa Buganda, Desemba 1890 akiwa kapteni aliyeajiriwa na kampuni, ile Imperial British East Africa Company. Akapiga boma kilima cha Kampala na kumsainisha Mwanga, kabaka (mfalme) wa Buganda, mkataba tarehe 26 mwezi huohuo. Aliondoka 1892, himaya ya Waingereza ilitangazwa 1894, yeye hayupo. Kinachochanganya watu nadhani ni wale askari wa Kisudani aliowatoa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, kwa kamanda wao Selim Bey 1891: wao walibaki, wakawa uti wa mgongo wa jeshi la himaya. Ugavana aliupatia Hong Kong, 1907 hadi 1912, kisha Nigeria. Ila Nigeria Kaskazini, 1900 hadi 1906, cheo chake kilikuwa kamishna mkuu, si gavana.