"Toto limeumbika" au "ameumbika"?

SWALI: Mwanafunzi wangu ameandika insha kuhusu namna wanawake wanavyochorwa katika hip hop ya Kiswahili. Ametumia "toto limeumbika", "demu hili" na "chombo kimetulia". Je, nimkate alama za sarufi? Na ni "demu wangu" au "demu yangu"?

JIBU: Kwa upatanisho, mwalimu, usimkate. Darasani tunafundisha kwamba nomino za viumbe hai hufuata A-WA hata umbo lake likiwa la ngeli nyingine: kipofu amefika, waziri amefika. Ila ukikuza au kudunisha, upatanisho hubadilika. "Mtoto" likivuliwa m- linabaki "toto", nomino ya ukubwa ya LI-YA, sawa na jitu na joka.

Sasa mtazame mchanaji, yaani rapa. "Ameumbika" na "limeumbika" zote zina silabi tano na zinaishia sawasawa, kwa hiyo hawezi kusingizia mizani wala kina. Li- ameichagua kwa maana: inamkuza mwanamke kwa umbile lake, na papo hapo inamtoa kwenye ngeli ya watu. Kama ni sifa au kejeli, kitenzi ndicho kinaamua. "Toto limeumbika" ni kusifu, "toto linajidai" ni kubeza. "Demu hili" mwishoni mwa mstari ni jambo jingine. Hapo "mwili" na "akili" zinamvuta kwa sababu ya kina, na dharau inasikika hata kama hakuikusudia.

Kosa lenyewe ni kuchanganya: "toto limeingia, akakaa, nikalisalimia." Ukianza na li-, nenda nayo: limeingia, likakaa, nikalisalimia.

"Chombo" ni sitiari, ndiyo maana ki- inabaki. Ukisikia "chombo kimetulia" hujui kama ni gari, simu au mwanamke mpaka mstari unaofuata. Wachanaji wanaupenda utata huo. Mimi naona ndiko mwanamke anakoumizwa zaidi kuliko kwenye matusi ya wazi, maana ukimwondoa ukaweka gari, hakuna neno la kubadilisha. Mwanafunzi wako akiliandika hilo, mwongezee alama. Usichanganye na kidosho, kimwana na kisura, ambazo ki- yake ni ya umbo tu: kidosho ameingia, vidosho wameingia. "Kidosho kimeingia" ni kumshusha.

Ama "demu", lililotoholewa kutoka Kiingereza, wingi wake ni mademu, na sanifu ni "demu wangu", kama daktari wangu. "Demu yangu" husikika sana Nairobi. Anayeisema huenda anafuata mkondo wa dada yangu na rafiki yangu.

Lakini "demu" ni msimu, yaani neno la mtaani. Akinukuu mistari, aliweke ndani ya alama za mtajo. Katika sentensi zake mwenyewe aandike msichana au mwanamke. Akiandika "mademu" hapo, kalamu nyekundu ni halali yako.