Jibu: Picha ya mzee gazetini, usipige laminesheni

Mkuu, umeuliza kama upeleke steshenari wakapige laminesheni ukurasa wenye picha ya mzee wako akimkabidhi waziri kikapu cha zabibu pale Nanenane, Nzuguni, maana umeanza kuwa njano. Usithubutu! Joto la mashine linaigandisha plastiki kwenye karatasi. Wakikosea hakuna kurudi nyuma, na karatasi itaendelea kuchakaa humo humo ndani.

Unjano unatokana na lignini (kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti) iliyobaki kwenye karatasi ya gazeti. Mwanga na hewa huibadilisha rangi, asidi huilegeza karatasi mpaka inakatikia kwenye mkunjo. Kwa jua letu la Dodoma, ukutani sebuleni haichukui muda.

Kwanza iskani, nukta 600 kwa inchi. Picha ya gazeti ni vidoti vitupu. Ukiskani kwa nukta chache unapata mawimbi mawimbi usoni mwa mzee. Nyuma weka karatasi nyeusi, maandishi ya upande wa pili yasijitokeze. Chapa nakala hiyo, ndiyo iingie kwenye fremu.

Ukurasa halisi ulaze bapa kwenye bahasha isiyo na asidi, ndani ya kabati, mbali na sakafu (mchwa wa huku unawajua). Seloteipu na pini za stepla marufuku: moja inaacha doa la kahawia, nyingine kutu. Na usikate picha peke yake. Acha jina la gazeti na tarehe, la sivyo wajukuu watabishana ilikuwa Nanenane ya mwaka gani.